Kiyoyozi kukata kabla ndege haijaondoka

Mkuu, umeuliza kwa nini ndege yenu ikiwa bado imesimama pale uwanja wa Mwanza, jua la saa saba, kiyoyozi kilikata ghafla, ukahofia ni ubovu. Ondoa shaka, ndivyo injini inavyowashwa.

Mkiani kuna injini ndogo, ile inayovuma mnapopanda. Inatoa umeme na hewa yenye shinikizo, na hewa hiyo ndiyo inayoendesha kiyoyozi. Wakati wa kuwasha inaelekezwa kwenye stata, tabaini ndogo (kama feni inayozungushwa na hewa) inayozungusha shafti ya injini kubwa kupitia giaboksi. Kasi ikifika kama robo hivi, mafuta yanapulizwa na plagi zinapiga cheche. Hapo mngurumo unaanza kupanda. Stata haiachii papo hapo. Inasukuma mpaka injini ikaribie au ivuke nusu ya kasi yake, ijitegemee. Ikiachia mapema, joto linaweza kupanda kupita kiasi huku kasi imegoma.

(Boeing 787 haina mambo hayo, stata zake ni za umeme.)

Injini ndogo ikiwa mbovu, huletwa mashine ya hewa ya uwanjani. Injini kubwa ya kwanza ikishawaka, inampa mwenzake hewa.

Safari ijayo omba siti karibu na bawa, utasikia yote hayo kwa mpangilio.