Moshi uliotoka saa nzima baada ya kuzima hitigani

Mlango wa mbele wa nyumba ya marehemu baba, hapa Isevya, ni wa mninga, na sisi wenyewe tulikuwa tumeshasahau. Miaka yote umepakwa rangi ya mafuta juu ya rangi ya mafuta, kijani, kahawia, kisha ile bluu ya zahanati, mpaka bawaba zikazama. Siku komeo lilipobandua kipande nikaona wekundu wa mninga, nikasema hii rangi inatoka yote. Kwa mtu wa Tabora, kuficha mninga chini ya rangi ni kama kutia sukari kwenye asali.

Msasa ulinishinda kwa siku mbili. Fundi seremala wa mtaani akaniazima hitigani, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, iliyofanana na drayer ya saluni. Imefanana umbo tu. Ubavuni imeandikwa wati 2000, swichi ya kwanza nyuzi joto 350, ya pili 550. Mafuta ya maandazi yanayokuunguza yakikurukia yako kwenye 180 hivi.

Kazi yenyewe ni tamu, sikatai. Unashika mdomo wa mashine vidole vitatu vinne kutoka kwenye ubao, unautembeza polepole, rangi inaumuka kama chapati kwenye kikaango, hapo hapo unapitisha kisu cha kukwangulia. Ukiona moshi, umeshachelewa. Mlango wangu una doa jeusi la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia kwa sababu nilipokea simu.

Nilimaliza saa kumi na nusu jioni. Nikazima, nikafagia, nikaenda kuoga. Kwenye saa kumi na moja na nusu mwanangu akauliza, "Mama, nani anachoma takataka?" Hakuna aliyekuwa anachoma. Uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unatoka kwenye ufa kati ya fremu na ukuta. Humo ndani mlikuwa na unga wa dumuzi wa miaka mingi na nyasi za kiota cha shomoro, vyote vikavu kama unavyojua Tabora mwezi wa tisa. Nilipokuwa napuliza kwenye kona, hewa ya moto ilipenya ufani, na moto ukakaa humo unafukuta bila mwali. Tulimwaga maji jagi baada ya jagi, tukang'oa na ubao wa pembeni ili tuone mwisho wake. Ingekuwa saa tano usiku, sijui.

Shida ya hitigani ni kwamba haina mwali, na sisi kisicho na mwali hatukiogopi. Jiko la mkaa hakuna anayeliacha sebuleni akaenda kuoga. Siku hizi kona na nyufa nazikwangua kwa kisu na msasa, hewa ya moto naibakiza katikati ya ubao. Ndoo ya maji iko karibu kabla sijachomeka plagi. Kazi naimaliza kabla ya saa sita mchana, na ndani ya saa mbili zinazofuata narudi mara kadhaa kunusa na kupapasa ukuta kwa mgongo wa mkono. Thina, na matambara yaliyolowa thina, havikai chumba kimoja na mashine hiyo hata kwa dakika moja.

Umeme nao. Wati 2000 zinavuta karibu ampea 9, na ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba ajabu. Chomeka ukutani moja kwa moja. Kama huna budi, tumia yenye waya mnene na uikunjue yote, maana waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake unajipika wenyewe. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, chomoa plagi palepale. Jirani aliiacha yake juu ya meza, swichi ikiwa imewashwa, akaenda kupiga soga. Umeme uliporudi, mashine ikaendelea na kazi bila yeye. Meza ilipona kwa bahati. (LUKU pia itakusimulia: kila nusu saa ni yuniti moja.)

Ukimaliza, iache ipulize kwenye joto la chini dakika mbili, izime, isimamishe wima mdomo ukitazama juu. Mdomo huo unaunguza muda mrefu baada ya sauti kunyamaza, kwa hiyo watoto wasisogee.

Watoto wasisogee pia kwa sababu ya rangi yenyewe. Rangi za zamani huwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, na joto kali hugeuza risasi hiyo kuwa mvuke ambao barakoa ya kitambaa haiuzuii. Ningejua hivyo mapema, mlango wa baba ningeukwangua kwa msasa wa maji, taratibu, nikapangusa mabaki kwa kitambaa kibichi. Usiku ule wanangu walilala kwa bibi yao Ipuli, na sakafu niliipiga deki mara tatu.

Kwenye mabomba ya plastiki ya nyaya za umeme hitigani inafaa sana: jaza mchanga mkavu ndani ili lisibonyee, pasha hadi lilegee, kunja. Likianza kugeuka kahawia, acha, moshi wake unakaba koo. Kwenye fremu ya dirisha, ziba kioo kwa ubao kwanza. Fundi wangu hakuziba, akalipa kioo.