Ukuta Mfupi wa Mtoni: Soma Hapa Kabla Hujawapeleka Watoto Kuogelea Kasese

Wageni wakija Kasese, magharibi mwa Uganda, swali lao la kwanza kuhusu maji huwa ni la mamba na viboko. Ukiwa Katunguru, kando ya mfereji wa Kazinga, ni swali la busara kabisa. Lakini huku kwetu juu, kwenye mito inayoteremka kutoka milima ya Rwenzori, mimi huogopa kitu ambacho hakuna anayekiulizia: ule ukuta mfupi wa zege au wa mawe uliokatiza mto ili kuchepusha maji kwenda mashambani au kwenye mtambo mdogo wa umeme. Kimo chake mara nyingi hakizidi kifua cha mtu mzima. Juu yake maji yametulia, yanavutia, na Jumapili vijana hujaa hapo kuogelea. Chini yake kuna povu jeupe ambalo watoto hulipenda mno.

Nimekuwa nikiwapeleka watu kwenye mito hii kwa miaka mingi, wengi wao wakiwa familia na vikundi vya vijana wa kanisani, na ushauri wangu mkubwa ni mmoja: sehemu ya hatari ni hilo povu, wala si kina cha maji ya juu.

Maji yakiruka ukuta hupiga mbizi hadi chini, yakagonga sakafu ya mto, kisha sehemu yake huibuka mbele kidogo na kurudi nyuma kuelekea ukutani. Mtu aliyeangukia hapo husukumwa ukutani, huzamishwa na maji yanayomwagika, huibuka mbele, kisha huvutwa tena nyuma. Anazungushwa hivyo hivyo mpaka nguvu zimwishie. Na kwa kuwa maji yale yamejaa hewa, hayambebi mtu kama maji ya kawaida. Mwogeleaji hodari atapiga mikono kwa nguvu zake zote na bado hatasogea. Maporomoko ya asili kwa kawaida yana miamba iliyopindapinda, kwa hiyo maji hupata upenyo wa kutorokea pembeni. Ukuta uliojengwa kwa kamba na timazi umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, na mara nyingi hauachi upenyo wowote.

Kabla hujavua viatu, okota kijiti, kitupe majini upande wa juu wa ukuta, ukitazame. Kikivuka na kwenda zake, afadhali. Kikibaki kinacheza chini ya ukuta, kinazama na kuibuka palepale, mto umeshakujibu. Hata hivyo, jibu zuri la kijiti lisikufanye uingie kwenye povu. Mimi hulitumia kuwaonyesha watoto, kwa sababu mtoto haamini maneno ya mtu mzima lakini kijiti anakiamini.

Wanaotaka kuingia majini nawaambia waende mbali juu ya ukuta, mahali ambapo mtu akichukuliwa na mkondo bado ana nafasi ya kutoka kabla hajaufikia, au wateremke chini hadi pale mto unapotawanyika na kuonyesha changarawe. Maji yaishie magotini kwa watoto. Magotini pia si mchezo: mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma huongezeka mara nne, na mawe ya mito yetu yana utelezi wa ajabu. Halafu kuna baridi. Maji haya yametoka kwenye milima ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109 na bado kina barafu. Kijana anayejirusha ghafla hushtuka, huvuta pumzi bila kutaka, na pumzi hiyo ikimkuta chini ya maji basi tena. Ingieni polepole, mjimwagie maji kifuani kwanza.

Kuhusu mvua sina mzaha hata kidogo. Kasese mjini jua linaweza kuwa linawaka huku juu milimani kunanyesha tangu saa nane mchana. Wewe huku chini huoni kitu. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika ukaharibu nyumba na madaraja, na Mei 2020 mito kadhaa ya wilaya hii ikafurika kwa pamoja, hata Hospitali ya Kilembe ikavamiwa na maji na wagonjwa wakahamishwa. Pita Kilembe leo uone mawe makubwa yaliyoachwa katikati ya mto. Hayo yaliletwa na maji. Kwa hiyo katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mimi hutoka majini kabla ya saa saba, hata kama mbingu iko wazi. Maji yakibadilika kutoka maangavu kuwa ya kahawia, yakianza kuleta majani na vijiti, au mto ukianza kunguruma kwa sauti ambayo hukuisikia ulipofika, wapandishe watu ukingoni mara moja. Viatu na masufuria viacheni.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui linahusu mitambo ya umeme. Mto Mubuku peke yake una mitambo mitatu, mmojawapo ule wa Bugoye wa megawati 13. Mitambo ya namna hii haina ziwa kubwa nyuma yake kama bwawa la umeme la Nalubaale kule Jinja. Maji huchepushwa penye ukuta, hupita mferejini, huingia kwenye bomba la mteremko, huzungusha mtambo, ndipo hurudi mtoni huko chini. Kati ya ukuta na mtambo mto hubaki na maji kidogo, mawe makavu yakaota jua, na mtu akaona hapo ndipo pa kutandika mkeka. Mtambo ukizimika ghafla, maji yaliyokuwa yakienda mferejini hayana pa kwenda isipokuwa kuvuka ukuta na kukujia wewe. Usitandike mkeka hapo. Na mfereji wenyewe usiusogelee na watoto: kingo zake ni za zege laini lenye mteremko, na aliyetumbukia hapati pa kushika. Mkikuta uzio au kibao cha onyo, kiheshimuni. Kinachoniudhi ni kuona watu wazima wakiwapandisha watoto juu ya uzio ili wapige picha.

Sasa vifaa. Jaketi la kuokolea ni zuri, lakini najua familia nyingi hazina. Jerikeni kila mtu anayo. Chukua jerikeni tupu ya lita 20, funga kifuniko barabara, ifunge kwenye mpini kamba imara ya mita kama 15 au 20. Ikitupwa majini inaweza kumshikilia mtu mzima bila shida, maana kichwa kikibaki juu ya maji mwili unahitaji msaada mdogo tu. Mtu akinaswa, usimfuate. Nasema tena kwa sababu ndiyo sheria inayovunjwa kila mara: usimfuate majini, hata kama ni mwanao. Mtupie jerikeni ukiwa ukingoni, kamba ishikwe mikononi na watu wawili au watatu, isifungwe kiunoni wala kuzungushwa kwenye kiganja. Mwingine apige 999 au 112.

Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo, kama wazee wengi wanavyoamini. Mnapoteza dakika, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Mlazeni chali, muinueni kidevu, mpulizieni pumzi mdomoni kwanza, kisha mkandamize kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 30 kwa kila pumzi mbili, bila kuacha mpaka msaada ufike. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana mapafu yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Waragi, pombe yetu kali, ibaki nyumbani. Hilo halihitaji maelezo.

Kuna pia kichocho. Maji ya kasi na baridi ya milimani hayawafai konokono wanaokibeba, lakini bwawa lililojaa tope na magugu, hasa huko tambarare, ni makazi yao mazuri. Ukiwa umeogelea mahali pa namna hiyo, kapime baada ya wiki kama sita au nane. Dawa yake ipo.

Msinielewe vibaya, mimi sifukuzi watu mtoni. Ila siku nzuri kuliko zote nilizoziona huko ni zile ambazo maji yalikuwa ya kutazamwa tu. Ukitoka barabara ya Kasese kwenda Fort Portal ukakata kuelekea Ibanda na Nyakalengija, unapita katikati ya migomba na mibuni ya Wakonzo, mto ukiwa pembeni yako karibu muda wote. Tembea kwa miguu na mwenyeji, si lazima ufike langoni mwa hifadhi. Kwenye miti mikubwa utawaona mbega, na watoto wakiwa na macho makali wanaweza kumpata kinyonga mwenye pembe tatu. Mchana kuleni bundu, yaani ugali wa muhogo, na samaki wa moshi kwa mama yeyote mwenye kibanda, au roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai, kama mna haraka.

Boda wanaokubali kuteremka hadi mtoni jioni ni wachache, na wanaokubali hujua kwamba hamna njia nyingine. Patana bei ya kwenda na kurudi asubuhi, lipa nusu, na mwambie aje saa nane.