Nyumba mbili Diani: anza na kalenda, urembo baadaye

Dada, nimekuelewa: nyumba zako mbili za Diani ziko Airbnb na Booking.com, mitandao ya kukodisha malazi inayokata kamisheni, na sasa unataka tovuti yako ili wageni waweke nafasi bila kamisheni.

Shughulikia kalenda kwanza, maana hapo ndipo wengi huumia. Kila nyumba iwe na kalenda yake, iunganishwe kwa kiungo cha iCal (kiungo kinachowezesha mfumo mmoja kusoma kalenda ya mwingine) pande zote mbili: tovuti isome kalenda za Airbnb na Booking.com, na kule wasome yako. Ila iCal haisomi papo hapo. Huweza kuchelewa saa kadhaa, na katika pengo hilo wageni wawili hulipia usiku uleule. Kwa hiyo mgeni atume ombi, ukague kalenda zote, uthibitishe, ndipo alipe. Nyumba zikiongezeka, lipia programu inayounganisha mifumo yote kwa pamoja.

Picha zipunguze hadi upana wa pikseli 1,600 hivi, chini ya kilobaiti 300 kila moja. Zikiwa nzito, tovuti huchelewa kufunguka na mgeni huondoka.

Domeni, yaani anwani ya tovuti yako, isajiliwe kwa jina na barua pepe yako, si ya fundi. Ikiwa kwa jina lake, mkikosana tovuti inaondoka naye.

Malipo ya kadi yapitie kampuni ya malipo. Tafadhali usiombe kamwe namba ya kadi kwa WhatsApp. Masharti ya kughairi yaonekane kabla ya kitufe cha kulipa.

Kuhusu leseni na kodi, muone mhasibu kabla hujapokea pesa. Ukihifadhi nakala za pasipoti za wageni, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuhusu.