Bomba linajifunga, mbona bado tunachomwa?

Swali: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya Tanzania. Mabomba yetu ya sindano hujifunga baada ya dozi moja, na mganga mfawidhi anasema suala la kujichoma limekwisha. Lakini mwezi huu mwenzetu kajichoma akirudishia kifuniko, na mhudumu wa usafi kachomwa na sindano iliyotokeza kwenye sefti boksi, yaani boksi la kutupia sindano zilizotumika. Tuagize vifaa gani, na je, mwajiri analazimika?

Jibu: Ndugu muuguzi, bomba linalojifunga humlinda mgonjwa anayefuata, si wewe. Pistoni imekwama, sawa, ila sindano iko wazi na ina damu. Tazama pakiti, utafute namba ya ISO, yaani ya viwango vya kimataifa: ISO 7886-3 au 7886-4 maana yake bomba halitumiki mara ya pili. Kinga ya kuchomwa ni ISO 23908. Andikeni namba hiyo kwenye maombi. Mkiandika "mabomba salama" tu, mtaletewa yale yale.

Fedha zikiwa chache, anzeni na kanula (mrija mwembamba unaoachwa mshipani) na vifaa vya kutolea damu, kwa sababu sindano yenye tundu iliyotoka kwenye mshipa ndiyo hatari zaidi. Chagueni kanula ambayo ncha yake hufunikwa na klipu yenyewe sindano inapovutwa. Za kubonyeza kitufe husahaulika mgonjwa akiwa mahututi.

Kwa kudunga, kuna mabomba ambayo sindano hurudi ndani. Sukuma pistoni hadi mwisho kabisa, upite ukinzani utakaouhisi mwishoni. Wengi huishia milimita chache kabla kwa kuwa dawa imeonekana kwisha, na kinga haifyatuki. Kosa la pili ni kuchanganyia dawa ya unga kwa bomba hilo hilo: ukisukuma hadi mwisho ndani ya kichupa, limeshaharibika. Aina nyingine hufyatuliwa sindano ikiwa bado mwilini, nyingine ikishatoka, kwa hiyo soma maelekezo ya kila aina.

Kifuniko hakirudishwi. Bomba litoke mwilini liende moja kwa moja kwenye boksi, nalo liwe mkono unapofika, si sakafuni wala upande wa pili wa chumba. Boksi la lita 5 huchukua mabomba kama 100. Lifungwe likifika robo tatu. Halishindiliwi, halimwagwi ili litumike tena, na la karatasi likilowa chini sindano hupenya.

Kuhusu sheria, Marekani ilipitisha yake mwaka 2000: mwajiri anunue vifaa vyenye kinga, awashirikishe wanaovitumia katika kuvichagua, na aweke daftari la ajali. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2010/32/EU, ulipiga marufuku kurudishia kifuniko. Kwenu, shikeni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Daftari lenu lionyeshe kifaa gani, hatua gani na saa ngapi. Bila hilo mfawidhi hana cha kupeleka juu.

Aliyechomwa aoshe kwa maji na sabuni bila kuminya, aripoti papo hapo. Dawa za kinga ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, zisivuke saa 72, zimezwe siku 28. Watu huogopa VVU, ambavyo hatari yake kwa mchomo mmoja ni kama asilimia 0.3, wakati homa ya ini B kwa asiyechanjwa ni asilimia 6 hadi 30. Chanjo yake ni dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Mhudumu wa usafi naye aingizwe kwenye orodha ya kuchanjwa.