Kodi ya Nishati: Hesabu Gigajuli Kabla ya Kulaumu Modeli

Msomaji mmoja ameandika: katika modeli yake ya uchumi mzima, kodi ya dola 50 kwa tani ya hewa ukaa inapandisha bei ya makaa ya mawe kwa asilimia ileile viwandani na majumbani. Amebadilisha unyumbufu, yaani kiasi ambacho matumizi huitikia bei, mara kadhaa, hali ni ileile. Ndugu msomaji, unyumbufu hauna kosa hapo. Rudi kwenye jedwali lako la hesabu za jamii, lile linaloonyesha nani amemlipa nani katika uchumi.

Jedwali hilo hurekodi fedha, ilhali moshi hutoka kwenye gigajuli, yaani kiasi cha nishati kilichochomwa. Tuseme viwanda vinalipa dola 2 kwa gigajuli na kaya dola 4, na kwamba viwanda vimetumia dola milioni 400, kaya milioni 200. Viwanda basi vimechoma gigajuli milioni 200, kaya milioni 50. Ukigawa kwa bei ya wastani, dola 2.4, kaya zinabebeshwa gigajuli milioni 83, ilhali zilichoma milioni 50 tu. Makaa ya mawe hutoa takriban kilo 95 za hewa ukaa kwa gigajuli, kwa hiyo kodi yako ni kama dola 4.7 kwa gigajuli. Kwa bei halisi, viwanda vinapanda kwa asilimia 235 na kaya kwa karibu asilimia 118. Kwa wastani, wote wanapanda kwa asilimia 196. Mwenye kiwanda anapona kwenye karatasi, mwenye nyumba anaumia. Hili linaniudhi kila ninapolikuta kwenye ripoti, maana kuna watu watakaotungiwa sera kwa namba hizo.

Dawa yake: weka mizania ya nishati, yaani hesabu ya nani ametumia gigajuli ngapi, kando ya jedwali, kila mnunuzi na bei yake, na kiwango cha hewa ukaa ukifunge kwenye gigajuli, kisifungwe kwenye dola. Ushuru na ruzuku zilizopo tayari ziingie kwenye mwaka wa msingi, ule ambao modeli inaanzia. Ukizisahau, mageuzi yako yatakuwa yanaanzia sifuri mahali pasipo na sifuri.

Sasa ndipo uje kwenye unyumbufu. Kwa dizeli, lita moja hutoa karibu kilo 2.7, hivyo kodi ileile ni kama senti 13. Kwa lita ya dola 1 na unyumbufu wa -0.3, matumizi hushuka kwa karibu asilimia 4. Huo ni muda mfupi. Muda mrefu watu hubadilisha magari na mitambo, na namba huwa kubwa zaidi. Lakini unyumbufu uliokadiriwa kwa bei zilizopanda kwa asilimia 10 usiupeleke kwenye makaa yanayopanda kwa asilimia 235. Hapo orodhesha teknolojia zenyewe, na gharama ya kuhama.

Halafu sema wazi mapato yanakwenda wapi. Ujerumani mwaka 1999 ilielekeza sehemu kubwa kwenye kupunguza michango ya pensheni. British Columbia, jimbo la Kanada, mwaka 2008 ilipunguza kodi nyingine na kuwapa nafuu wenye kipato kidogo. Kodi ya nishati inaweza kuwa ileile, lakini ajira na ustawi vikatoka tofauti kabisa kulingana na mapato yanakokwenda. Endesha angalau njia mbili: punguzo la kodi ya ajira, na malipo sawa kwa kila kaya.

Kabla ya kutuma ripoti, zidisha mara 2 bei ya rejea, ile moja inayopimia bei nyingine zote. Bei zote ziongezeke maradufu, viwango halisi vya uzalishaji na matumizi visisogee hata kidogo. Vikisogea, kuna ruzuku au malipo ya serikali uliyoyaandika kama namba tupu, bila kuyafunga kwenye bei.