Kitambaa kilichosahaulika tumboni: fidia huchukua muda gani?

Pole sana dada kwa yaliyomkuta mdogo wako. Kujifungua kwa upasuaji Lindi, halafu miezi minne baadaye anapasuliwa tena Mtwara na kukutwa kitambaa tumboni, inauma hata kuisoma.

Umeuliza fidia itachukua muda gani. Hospitali ikikubali kosa na kukaa mezani, miezi kadhaa. Ikikataa, hesabu miaka, maana kuna usuluhishi, ushahidi wa daktari bingwa na pengine rufaa. Anayewaahidi miezi miwili ili mumpe hela ya kianzio, mkimbieni.

Mimi kinachonitia hofu ni tarehe. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3, yaani muda huo ukipita hamwezi tena kufungua kesi. Na kwa kuwa hospitali ya Lindi ni ya serikali, lazima kwanza mtoe notisi ya siku 90, yaani barua ya kusema mnakusudia kushtaki, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, ndipo mfungue kesi Mahakama Kuu. Ipo Mtwara, hamna haja ya kwenda Dar. Kulalamika Baraza la Madaktari Tanganyika ni sawa, lakini kule ni nidhamu ya daktari tu, fidia hailipwi.

Kesho ombeni kwa barua nakala ya faili lote. Itafuteni karatasi ya chumba cha upasuaji: manesi huhesabu vitambaa kabla ya kupasua na kabla ya kushona, na hesabu huandikwa. Daktari wa Mtwara naye aandike alichokikuta, asaini, agonge muhuri. Hela ya wakili ikisumbua, ulizieni wasaidizi wa kisheria ofisi ya maendeleo ya jamii pale halmashauri.