Shamba la mteremkoni, na mjomba asiyetaka matuta

SWALI: Shikamoo mzee. Nalima mahindi na mihogo Matombo, milima ya Uluguru, kwenye mteremko unaoishia kijito kinachoingia Ruvu. Masika iliyopita maji yalichimba mfereji katikati ya shamba hadi mawe yakaonekana. Bwana shamba anataka nichimbe matuta na nipande miti. Mjomba wa mke wangu hataki kusikia neno matuta, na shamba ni la ukoo wao. Nifanyeje?
Mkulima, Matombo

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mjomba usimwite mkaidi. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, tena kwa amri na faini. Udongo wa juu wenye rutuba huko kwenu ni mwembamba. Ukikata ngazi, unafukia ule mzuri na kuanika ule mwekundu usioota kitu. Watu walichimba, wakavuna kidogo kuliko mwanzo. Mwaka 1955 hasira zikalipuka hapohapo Matombo, na mpango ukafa. Hayo ndiyo anayoyakumbuka akisikia neno hilo.

Nami nina dhambi yangu. Nilipoanza kazi milimani nilimchimbisha mzee mmoja mtaro wa fanya juu, sentimita 60 kwenda chini, udongo ukitupwa upande wa juu. Kwenye miteremko ya wastani kazi hiyo ni nzuri. Pale palikuwa pakali mno: masika mtaro ulijaa maji, ardhi ikalowa, ukingo wote ukaporomoka na mihogo yake. Hakunitukana. Alinipa muhogo mmoja uliosalia nikaondoka nao.

Kwa hiyo wewe usichimbe. Weka mistari ya mimea inayofuata kontua, yaani inayokata mteremko kwa usawa mmoja, bila kupanda wala kushuka. Tengeneza fremu A: miti miwili ya mita mbili iliyofungwa pamoja juu, mmoja wa kulaza katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia toka kileleni. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa mti wa kulaza, kisha geuza miguu ibadilishane nafasi palepale uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Tembea nayo shambani, na kila mguu unapotua kamba ikiwa hapo katikati, pigilia kijiti.

Kwenye vijiti hivyo panda mananasi, mistari miwili iliyopishana, vuli ikianza ili masika iyakute yameshika. Nayapendelea kuliko matete, kwa sababu matete hunyang'anya mahindi chakula usipoyakata mara kwa mara, ingawa kama una mbuzi hilo si tatizo. Mabua usichome. Yalaze juu ya mstari yanase udongo. Baada ya misimu kadhaa utaona ngazi inajijenga yenyewe, bila jembe, na udongo mzuri ukiwa juu.

Ule mfereji uzibe kuanzia juu, siyo chini: vigingi na matawi, kila hatua chache.

Kuhusu kijito, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Najua mita 60 kwenye mabonde yenu ni karibu shamba zima. Lakini jembe lako lisifike ukingoni. Mikuyu na majani ya hapo yaache. Udongo unaokutoka ndio unaosafiri hadi mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, wanakokunywa watu wa Dar es Salaam. Mikaratusi usiipeleke karibu na maji hata ukipewa miche bure.

Miti mingine, subiri. Kwenu ardhi hufuata ukoo wa mama, na mwanamume aliyeoa akipanda mti, watu husoma kwamba anataka kubaki na shamba. Mananasi hayatishi mtu hivyo. Ya miti aende kuyasema mkeo, kwa mjomba wake, wewe ukiwa umebaki nyumbani. Na neno matuta asilitamke.